Mpe Mtoto

Matokeo yalikuwa tatu kwa tatu, awamu ya nane kati ya tisa za mechi ya besiboli, na Gibaek alikuwa anaumwa tumbo kwa kujizuia kushangilia. Kwao ni Daegu, na timu yake ni Farasi tangu ananyonya, lakini siku hiyo alikuwa ameketi katikati kabisa ya jukwaa la Nyangumi wa Busan pamoja na mke wake na mama mkwe wake. Kila upande walikuwapo watu waliovaa mifuko ya taka ya rangi ya chungwa kichwani, imejazwa upepo na kufungwa masikioni, kama ilivyo desturi ya uwanja ule mechi inapokaribia ukingoni. Hata yeye alikuwa amevikwa wake. Farasi wakipata pointi alijifanya anakohoa.

“Kohoa taratibu,” mke wake Yeonhwa alimnong'oneza. “Watakushtukia.”

“Nina mafua.”

“Mafua gani hayo yanayokuja Farasi wakipiga tu?”

Mama yake Yeonhwa, Bibi Pilsun, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa binti yake, aliona midomo yao ikicheza akainama. “Anasemaje huyo mtu wa Daegu?” aliuliza, kwa sauti iliyowageuza watu wa safu ya mbele. Mzee mmoja mwenye ngisi mkavu mkononi akamkazia macho Gibaek.

“Wa Daegu? Humu humu ndani?”

“Nimeoa Busan, mzee. Adhabu nilishapewa.”

Mzee akacheka, akamkatia kipande cha ngisi. Yeonhwa alimgusa mama yake kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa ishara yao ya siku nyingi, maana yake punguza sauti, na Pilsun akaziba mdomo kwa kiganja kama msichana aliyefumaniwa.

Bibi Pilsun alikuwa hasikii. Tangu usichana wake hadi mvi zilipoanza alikuwa akining'inia ubavuni mwa meli kule Yeongdo, nyundo mkononi, akibandua kutu pamoja na wanawake wenzake, kang kang kang kutwa nzima, na meli moja baada ya nyingine ziliondoka na masikio yake. Mtaani kwao hilo halikuitwa ugonjwa. Wanawake wa nyundo wote walikuwa hivyo, waliongea kwa kupayuka na kutazamana midomoni, na mgeni akishangaa aliambiwa hiyo ni sauti ya Yeongdo tu. Lakini sasa Pilsun alikuwa na kazi nyingine. Kila asubuhi alipanda gari la shule ya chekechea, akawapokea watoto mlangoni, akawafunga mikanda, akamwambia dereva twende. Mgongo wa Gibaek ulishakataa kazi, na dukani kwa Yeonhwa walikuwa wamempunguzia zamu. Mshahara wa Pilsun ndio uliokuwa unalipa pango. Siku ya usaili ni Yeonhwa mwenyewe aliyempeleka. Alimkalisha mahali anapoweza kuona midomo ya mwalimu mkuu, na yale ambayo hayakuonekana akayajibu yeye kwa niaba yake, akichekacheka kama binti mwenye mdomo. Hakudanganya, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Sasa watu wote uwanjani walikuwa wamesimama. Mpigaji wa Nyangumi alikuwa ameshika gongo, wenzake wawili wako njiani wakingoja kukimbia, na pigo moja zuri lingewaingiza wote. Mrushaji wa Farasi akarusha. Gongo likaukwaruza mpira, mpira ukaenda nyuma na juu, ukaja jukwaani kwao. Wanaume kadhaa walijirusha kuudaka wakagongana vichwa. Mpira ukadunda sakafuni, ukapanda tena, na Pilsun akanyoosha mkono mmoja, ule wa nyundo, akaunyaka.

Aliutazama kwanza, haamini. Kisha akatazama juu, kwenye kioo kikubwa cha kuonyeshea mchezo, na huko akajiona, Pilsun wa Yeongdo, mkubwa kama nyumba, mfuko wa chungwa kichwani na mpira mkononi. Akacheka mpaka pengo lake likaonekana.

“Ajura,” mtu mmoja alisema.

Mtu wa Busan hahitaji kuelezwa. Mtu mzima akidaka mpira jukwaani, watu humwambia ajura, mpe mtoto, naye humpa mtoto yeyote aliye karibu, amjue asimjue, kisha hupigiwa makofi. Si sheria, lakini ni afadhali uvunje sheria. Na mtoto alikuwapo. Alikuwa safu ya mbele yao, msichana mdogo mwenye miwani, fulana ya Nyangumi ikimfika magotini, na tayari alikuwa amegeuka na kukinga viganja.

“Ajura. Ajura.” Ilianzia kwenye safu zao, ikapanda juu, ikavuka hadi jukwaa la pili. Punde uwanja mzima ulikuwa unaita kwa pamoja, a-ju-ra, a-ju-ra, watu wakikanyaga sakafu kufuata mapigo. Pilsun aliyapata mapigo hayo kwa nyayo na kifua. Aliona umati wote umemwelekea yeye, midomo wazi. Akauinua mpira juu zaidi, akaupunga.

Yeonhwa alipaswa kumgusa tu. Amvute kiwiko, amwonyeshe mtoto, basi. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini kamera ilikuwa imewakazia, na kwenye kioo aliuona uso wake mwenyewe kando ya uso wa mama yake, na kelele zilishaanza kuingia mizomeo. Baadaye alijiambia kwamba alihofia ishara zao zingewafumbua watu macho. Ukweli ni kwamba hakuwaza chochote. Aibu ilimshika kama ilivyomshika zamani, mama yake alipokuja shuleni na nguo zake za kazi zenye kutu. Akaushika mfuko wake wa chungwa kwa mikono miwili, akauvuta chini mpaka kidevuni.

“Mama,” Gibaek aliita, akijaribu kupenya mbele ya mke wake. “Mama, mtoto huyo. Mtoto.” Lakini mkono wake haukumfikia, na waamuzi walishaashiria mchezo uendelee. Baba wa yule msichana akamgeuza binti yake aangalie mbele. Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

Mpira uliofuata, mpigaji wa Nyangumi alikata hewa. Na uliofuata huo, pia. Akatoka, na matumaini ya awamu ile yakatoka naye. Katika awamu ya mwisho Farasi walipata pointi moja, ya kuvizia, mchezaji akiteleza kifudifudi mpaka kituoni, na mechi ikaisha nne kwa tatu. Gibaek alikuwa amengoja ushindi ule msimu mzima. Hakukohoa hata mara moja.

Kwenye ngazi za kutokea watu walikwenda polepole, wamenuna, na mfuko wa taka umerudi kazini kwake, umejaa maganda na mifupa ya kuku. Pilsun aliushika mpira kifuani kwa mikono miwili.

“Mpira mtamu, Bibi?” kijana mmoja alimtupia.

Pilsun aliona anasemeshwa akamwinamia. “Ahsante, mwanangu. Umeona, kwa mkono mmoja.”

Kijana alitaka kuendelea. Mwenzake akamvuta. “Achana naye. Mkosi wake ndio umetumaliza.” Na yule mzee wa ngisi, aliyekuwa amemkatia Gibaek kipande, alipita karibu nao akajifanya hawajui.

Yeonhwa alitembea hatua chache mbele, kama mtu aliyekuja peke yake.

Nyumbani Pilsun aliuweka mpira juu ya kopo la mchele, ambapo angeweza kuuona akiwa anakula. Yeonhwa alikuwa anakata figili. Kisu kilikwenda haraka kuliko ilivyohitajika.

“Watu wote wale,” Pilsun alisema. “Nilidhani moyo utanitoka. Kumbe ndivyo wachezaji wanavyojisikia kila siku, ndiyo maana wanaringa.” Alikaa akatabasamu peke yake. “Mimi tangu nizaliwe sijawahi kushangiliwa. Hata siku ya harusi yangu kulikuwa na mvua, watu walikula wakakimbia.”

Gibaek alimtazama mke wake. Yeonhwa hakuinua kichwa.

“Mama, kula,” alisema, akimsogezea bakuli, na kwa kuwa alisema akiwa ameinama, mama yake hakujua kama amesema kitu.

Baada ya chakula simu ya Gibaek ilianza kulia na haikunyamaza. Rafiki zake wa Daegu walikuwa wanamtumia video. Aliitazama mara moja, akainuka, akaenda kusimama uani karibu na mitungi ya kuchachushia kabichi ya kimchi. Yeonhwa akamfuata.

“Imefika mbali,” Gibaek alisema. “Kwenye taarifa ya michezo pia wameionyesha. Wanamwita Bibi Mchoyo.”

Kwenye video Pilsun alikuwa anapunga mpira, uwanja wote unaomba, mtoto amekinga viganja mbele yake, na chini kabisa, kwa herufi kubwa za njano, AJURA, AJURA, kila walipoita. Kando yake mwanamke mmoja alikuwa anajivika mfuko wa taka usoni. Watu walikuwa wameicheka sehemu hiyo kuliko zote. Hata binti yake anamwonea haya, mmoja alikuwa ameandika. Mwingine akaongeza kwamba angekuwa yeye angehama mji.

“Waambie hasikii,” Gibaek alisema. “Waandikie tu, mama yetu hasikii. Utaona watakavyogeuka. Wataanza kulia wao.”

“Na kazi?”

Gibaek akaugusa mgongo wake bila kujua.

“Nimekuuliza, na kazi? Nani ataweka mtu asiyesikia kwenye gari la watoto?”

“Sasa ukiuliza hivyo,” mume wake alisema polepole, “mbona swali hilo hatukuliuliza mwanzoni?”

Yeonhwa hakupata muda wa kukasirika, kwa sababu simu yake mwenyewe ililia. Alikuwa Mwalimu Mkuu Pyo. Shule ilikuwa na namba ya Pilsun, lakini walishazoea kumpigia binti yake, kwa madai ya Yeonhwa kwamba bibi hajui kutumia simu za kisasa.

“Samahani kukusumbua jioni,” alisema mwalimu mkuu. “Nadhani umeshaona.”

“Nimeona, mwalimu. Nakuomba radhi sana.”

“Wazazi wananipigia tangu saa kumi na mbili. Si kwamba ni mpira, unanielewa. Wanasema mtu asiyeweza kumpa mtoto mpira akiwa mbele ya macho ya mji mzima, sasa akiwa peke yake na watoto wetu inakuwaje.” Kisha sauti yake ikalainika. “Mimi nimekaa na Bibi tangu mwaka wa jana, sijamwona na roho hiyo. Nikajiuliza. Yeonhwa, niambie ukweli. Aliwasikia wale watu? Masikio yake ni mazima?”

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa umefunguliwa mbele yake, wazi kabisa, na mwenye nyumba ndiye aliyemkaribisha. Yeonhwa alisimama kizingitini. Aliona kibarazani viatu vya mama yake vya kazi, vimepigwa brashi, vinangoja Jumatatu.

“Masikio yake hayana shida,” alisema. “Ni tamaa tu, mwalimu. Uzee umemletea tamaa. Hata sisi nyumbani imetuaibisha.”

Gibaek aligeuka akamwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza.

“Haya,” Mwalimu Pyo alisema, na ilisikika kwamba amevunjika moyo. “Basi kesho asubuhi aje aombe radhi langoni, wazazi wakiwapo. Akiomba vizuri nadhani yataisha.”

Ilibidi Pilsun aambiwe. Yeonhwa akaona afadhali video iseme. Alimpa mama yake simu, akamwashia, akakaa kando yake mikono mapajani.

Mwanzoni Pilsun alifurahi kujiona. Kisha macho yake yakashuka kwenye herufi za njano. Alizisoma polepole, kwa midomo, kama anavyosoma kila kitu. Video ilipoisha akasema, “Rudisha.” Ikarudishwa. Akasema tena, “Rudisha.”

“Walikuwa wanasema ajura.”

“Ndiyo, Mama.”

“Wote?”

“Wote.”

Pilsun aliiweka simu juu ya meza, akakifuta kioo chake kwa pindo la aproni. “Nilingoja waseme,” alisema. “Si unanijua? Niliposhika mpira nilijua kama kuna mtoto karibu watasema. Nikangoja. Nikaona wanashangilia tu. Nikasema basi, leo hakuna mtoto, leo huu ni wangu.” Uso wake ulikuwa umepata joto mpaka shingoni, na alikuwa anajifuta mikono yake mikavu. “Yule mtoto alikuwa chini yangu hapa. Alikuwa ananiangalia mimi.”

“Mama, yamepita.”

“Nawe umeniacha nimekaa hapa nakusimulia harusi yangu. Umekata figili.”

Pilsun akaiwasha simu mwenyewe, akaisogeza karibu na macho, na kidole chake kinene kikaja juu ya yule mwanamke mwenye mfuko usoni.

“Na huyu?”

Sweta aliyoivaa mwanamke huyo Pilsun aliifuma mwenyewe. Hakuwa anauliza ili ajue. Yeonhwa aliutazama mkeka, akatamani mama yake ampayukie kwa ile sauti ya Yeongdo mpaka majirani watoke nje. Lakini Pilsun aliirudisha simu mezani kwa utaratibu, na hakulitaja tena jambo hilo.

“Mwalimu mkuu anasemaje?”

“Anataka uombe radhi kesho.” Yeonhwa alikuwa anasema wazi sasa, midomo yake ikichora kila neno. “Aliniuliza kama unasikia. Nimemwambia unasikia. Nimesema ilikuwa tamaa.”

Pilsun aliyapima maneno hayo. “Umefanya vizuri,” alisema. “Mchoyo wanamsema tu. Hawamfukuzi.”

Wakakaa wakafanya mazoezi, mama na binti. Nilishikwa na tamaa, nisameheni. Yeonhwa aliinua kiganja sauti ilipopanda na kukishusha ilipokuwa sawa. Nilishikwa na tamaa, nisameheni. Pilsun alisema tena na tena, akiwa amekaza macho kwenye kile kiganja, mwanafunzi msikivu kabisa, na Gibaek hakuweza kuendelea kukaa chumbani. Alisema anakwenda kununua sigara, na sigara alishaacha.

Asubuhi walifika mapema. Pilsun alikuwa amevaa kizibao chake cha kazi, kile cha njano chenye mistari inayong'aa, na alikuwa amebeba sinia la mikate ya mchele iliyotoka kwenye mvuke muda si mrefu, kila mmoja umefungwa peke yake. Mpira alikuwa ameuweka juu ya sinia. Gari la shule lilikuwa limerudi na kundi la kwanza la watoto na lilitakiwa liende tena; injini yake ilikuwa inaunguruma langoni. Wazazi walikuwa wamesimama makundi makundi, na mazungumzo yao yalikatika walipomwona.

Mwalimu Mkuu Pyo alimpa ishara. Pilsun akaweka sinia chini, akainama mpaka kichwa kikafika magotini, akakaa hivyo.

“Nilishikwa na tamaa,” alisema. “Nimemnyima mtoto wa watu. Mimi ni mzee na sina haya. Nisameheni.”

Sauti ilikuwa sawasawa kabisa. Yeonhwa, aliyesimama nyuma ya mwalimu mkuu na kiganja chake tayari, hakuhitaji kukishusha wala kukiinua. Baba mmoja mwenye suti alitazama saa yake, akasema, “Basi, Bibi, inuka. Sote tuliupoteza ule mchezo.” Mama mmoja akacheka. Mpira ukapokewa, ukapewa mwalimu auweke darasani uwe wa wote. Mikate ya mchele ikaanza kupita mkono kwa mkono, na mtu akasema ni ya moto, na mwingine akauliza kama ina maharage ndani. Hivyo ndivyo yanavyoishaga mambo Busan, kwa kelele na kwa chakula, na Yeonhwa akakitia kiganja chake mfukoni.

Dereva, Mzee Maeng, naye alitaka kutia neno lake. Alikuwa mtu mwema na alimpenda Pilsun. Alichungulia dirishani mdomo umejaa.

“Huyu bibi hana roho mbaya, nawaambieni mimi niliye naye kila siku. Ni mzubaifu tu, mawazo yake yanakwenda Yeongdo. Juzi hapa si alifunga mlango, mkanda wa koti la mtoto wetu Haram ukabanwa humo? Mtoto yuko chini kando ya gari, anapiga kelele, na bibi ananiambia twende. Nimeshaondoa gari! Bahati muuza samaki akagonga bodi.” Alicheka akitikisa kichwa. “Hata hilo tumlaumu ni uchoyo?”

Watu wakacheka naye. Pilsun, alipoona wanacheka, akacheka pia.

Mwanamke mmoja tu hakucheka. Alikuwa amemshika mkono mtoto mwenye koti la buluu. “Haram gani?” alisema. “Haram wangu? Mbona sikuambiwa?”

“Hakuumia, dada. Hata koti halikuchanika.”

“Alikuwa analia?”

“Analia sana. Mimi nilimsikia, nikadhani wanataniana.”

“Na Bibi alikuwa wapi?”

“Si mlangoni hapo, pale pale penye mkanda.” Mzee Maeng akaanza kuona maneno yake yanampeleka pabaya, akameza mkate.

Mama Haram aliwapita watu akaja hadi nyuma ya Pilsun. “Bibi,” aliuliza, “mwanangu alipokuwa analia ulimsikia?”

Pilsun alikuwa amemwelekea mwalimu mkuu, anamsogezea mkate. Hakugeuka. Mama Haram akauliza tena, na bado mgongo ule wa njano ulibaki mgongo.

Mkono wa Yeonhwa ulikuwa umeshaondoka wenyewe kwenda kwenye kifundo cha mkono wa mama yake. Jibu pia lilikuwa limeshafika mdomoni: samahani, mama yangu ana mawazo mengi tangu jana. Lingetosha. Watu walikuwa wanataka kwenda kazini. Lakini Haram alikuwa amesimama pale na koti lake, mkanda unaning'inia mpaka chini, na Yeonhwa akauona ule mlango ukifungwa, na mama yake akitabasamu nyuma ya kioo cha gari, na gari linaondoka. Jana alijificha ili watu wasijue kwamba yule ni mama yake. Hili lilikuwa kubwa kuliko hilo, na alilipanga yeye, siku ya usaili, akichekacheka.

“Hasikii,” alisema.

“Umesemaje?” mwalimu mkuu aliuliza.

“Mama yangu hasikii. Hakumsikia Haram. Na jana uwanjani hakuwasikia wale watu, angempa yule mtoto. Uliniuliza, mwalimu, na mimi nikakudanganya. Nimewadanganya tangu mwanzo.”

Kutafuna kulikoma. Pilsun aliona nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine, akamgeukia binti yake na lile tabasamu la kuomba radhi likiwa bado usoni.

“Umewaambia nini?”

Yeonhwa alijaribu. Lakini alikuwa analia, na midomo yake ilitetemeka ikakataa kuchora maneno.

“Nini? Fungua mdomo, sikuoni.”

Akajaribu tena, mama yake akatikisa kichwa. Hapakuwa na njia nyingine. Ilibidi aseme kwa nguvu zake zote, mbele ya wazazi wote na watoto waliobandika pua zao kwenye vioo vya gari.

“Nimewaambia husikii, Mama! Husikii!”

Pilsun akafungua zipu ya kizibao chake, akakivua, akakikunja vizuri mistari ya kung'aa ikae juu, akampa mwalimu mkuu kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu alikipokea. Mama Haram alikuwa amemvuta mtoto wake karibu, anatazama chini.

Pilsun akamsogelea binti yake. Alimshika sweta begani, akamvuta mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwake, na kwa kiganja cha pili akaficha maneno yake watu wasiyaone.

“Ungeniambia tukiwa nyumbani,” alisema.

Alidhani ananong'ona. Watoto garini waligeuka wote kumtazama.